Dakika Moja ya Fundi Usicheke

Kama uliwahi kupiga picha ya pasipoti kwenye mtaa ule, basi Fundi Usicheke unamjua, na yeye anaijua sura yako kuliko mkweo anavyoijua. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila hata benki walikuwa wamelisahau. Miaka arobaini alikaa nyuma ya kamera katika chumba kimoja chenye pazia jeupe, kiti kisicho na mgongo na kioo kidogo ukutani cha watu kujichania nywele, na miaka arobaini alisema neno lilelile: "Usicheke." Ofisi za vitambulisho hazitaki kuona meno ya mtu. Ukicheka picha inarudishwa, na wewe unarudi kwa Fundi umevimba kana kwamba ni yeye aliyekutekenya.

Kabla ya "usicheke" kulikuwa na swali. Ukishakaa, Fundi aliwasha flashi yake, dude la chuma la kijivu lenye betri iliyokula chumvi nyingi, na dude lilianza kulia nyiiii likijikusanyia nguvu. Lilichukua dakika nzima kabla taa yake nyekundu haijawaka. Na dakika nzima ya kutazamana na mtu msiyejuana ni ndefu, jamani, acheni mchezo. Kwa hiyo Fundi aliuliza, "Umekula?" Mtu alijibu. Alisema amekula mkate mkavu, au hajala, au mke wake ananuna tangu juzi, au mtoto kafaulu mtihani. Taa ikiwaka, "usicheke," pwaa, inuka mwingine akae. Hakukuwa na siri yoyote hapo. Fundi angekuwa na betri nzima, asingemuuliza mtu habari za tumbo lake.

Siri aliileta mpwa wake.

Huyu mpwa alikuwa kitindamimba wa Dada, yaani dada mkubwa wa Fundi, aliyemlea Fundi mwenyewe tangu hajui kufunga vifungo. Alikuwa na miaka thelathini na minne na alikwisha kuuza bima, vichujio vya maji, na viwanja ambavyo hata yeye hakuwahi kuvikanyaga. Alipokuja studio "kumsaidia Mjomba," kazi ya kwanza aliyoifanya ni kujipa cheo. Akajiita Meneja, na kwa kuwa kumwita hivyo hakumpunguzii mtu kitu, mtaa mzima ukamwita Meneja. Kamera hakujua kuishika. Lakini mdomo, loo, mdomo alikuwa nao wa kutosha na wa kukodisha.

"Mjomba, picha za pasipoti zimekufa," alisema siku ya kwanza. "Siku hizi watu hawataki kupigwa picha. Wanataka kufundishwa kuwapiga wenzao."

"Na atakayepigwa ni nani, kama wote wanapiga?"

"Hilo tutaliangalia baadaye."

Wiki ileile bango la kwanza likabandikwa dirishani: SURA NA SIRI, warsha ya picha za mtu mmojammoja. Wakaja sita. Wiki ya pili ikaja MTAA HAUONGOPI, ya kuwapiga watu picha barabarani bila wao kujua. Wakaja kumi na mmoja, na watatu kati yao walirudi mbio wakihema, kwa sababu muuza mboga alijua. Ikafuata BOSI MWENYE UTU, ambako watu wazima na akili zao walifundishwa kukunja mikono kifuani na kutazama dirishani kana kwamba huko nje kuna maendeleo. Halafu MALAIKA WA LEO, ya watoto wachanga: mtoto aliazimwa kwa jirani, akalala saa zote tatu, nao wakaondoka na picha mia nne za usingizi mmoja. MAHARUSI BILA MACHOZI sitaki hata kuisimulia, maana bibi harusi wa kuigiza alikuwa Meneja mwenyewe, kajifunga pazia la studio.

Na warsha zote hizo zilikuwa warsha moja. Benchi zilezile, chai ileile, Mjomba yuleyule akionyesha taa ikae upande gani ili kivuli cha pua kisilale shavuni. Kilichobadilika ni bango tu.

"Huoni aibu?" Fundi alimuuliza.

"Aibu ya nini? Mjomba, hawa hawanunui somo. Wananunua vile watakavyojiita wakitoka hapa."

Na kweli walijiita. Karani wa posta alitoka pale Ijumaa akiwa Msanii wa Sura, na Jumatatu aligonga mihuri kwa huzuni kubwa.

Balaa lenyewe lilianza siku mshiriki mmoja aliponyoosha mkono kuuliza kwa nini Fundi hungoja muda mrefu vile kabla ya kupiga.

"Betri mbovu," Fundi akajibu.

Kalamu zote zikainama. Betri mbovu, wakaandika. Mmoja akapigia mstari. Meneja aliyekuwa anamimina chai akaliacha birika hapohapo. "Mmesikia?" alisema kwa sauti ya chini, kama mtu yuko msibani. "Betri. Na betri ni nani? Betri ni yule aliyekaa kitini. Amechoka. Dunia imemmaliza chaji. Fundi anamngoja ajae."

"Nimesema betri," Fundi akasema. "Ile. Ya chuma."

"Ya chuma," wakaandika.

Asubuhi yake dirishani kulikuwa na bango refu kuliko mlango: DAKIKA MOJA YA FUNDI. Falsafa ya miaka arobaini ya kuingojea sura ije yenyewe. Mshiriki wa kwanza kujisajili atazawadiwa kifaa cha urithi! Fundi alilisoma akiwa bado ameshika funguo, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Falsafa! Yeye, aliyeshindwa hata kumweleza fundi umeme kinachoisumbua soketi! Alicheka peke yake pale nje, wala hakujiuliza kifaa cha urithi ni kifaa gani.

Alikijua Jumatatu. Pale juu ya stuli, mahali pa lile dude la kijivu, palikuwa na flashi mpya nyeusi, ndogo, bado ina nailoni. Ya zamani alikuwa amekwisha kuichukua Daktari wa Meno, mama mmoja mwenye kliniki ng'ambo ya barabara, aliyejisajili kabla gundi ya bango haijakauka. Alipewa na cheti.

Nisimsingizie Fundi. Hakulia. Flashi mpya ilikuwa tayari kabla hujamaliza kukaa: keti, pwaa, inuka. Kwa siku moja alimaliza watu aliozoea kuwamaliza kwa tatu, na jioni mgongo haukumuuma. Alimwambia Meneja ahsante, tena kwa moyo.

Kisha Dada akakubali kupigwa picha.

Hili lataka maelezo. Dada alipata kiharusi miaka miwili nyuma. Mkono ulirudi, mguu ulirudi, ulimi ulirudi na ukali wake wote, lakini mdomo ulibaki umevutika upande wa kushoto na jicho la upande huo halikufunguka sawasawa tena. Tangu siku hiyo hakutaka kamera. Mtu akitoa simu yeye anainuka kutafuta kitu jikoni. "Picha zangu zipo," alikuwa akisema, "za zamani zinatosha." Sasa mwanawe mkubwa aliyehamia mbali alikuwa amekuja kumchukua wakaishi wote, na safari ilikuwa Jumapili. Kwa umri ule na umbali ule, kila mtu alijua ni safari ya namna gani, ila hakuna aliyelisema. Fundi alikuwa amepiga sura za mtaa mzima, wazima na marehemu, na ya dada yake aliyekuwapo, huyu wa leo, hakuwa nayo. Ilimkosesha usingizi. Alimbembeleza wiki mbili.

"Mara moja," Dada akasema mwishowe. "Moja tu. Ukiharibu, shauri yako."

Akaja Alhamisi, kavaa gauni la heshima. Akakaa kwenye kiti kisicho na mgongo, akatazama huku na huku.

"Mashine yangu iko wapi?"

Maana lile dude la kijivu ni yeye aliyelinunua. Miezi minane ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni, miaka arobaini iliyopita, mdogo wake alipokuwa na kamera ya kuazima na ndoto nyingi.

"Iko kwa fundi," Fundi alidanganya. "Inatengenezwa."

Kidole chake kilikuwa kimekwisha kuzoea haraka. Dada alikuwa bado anaweka mkoba chini, pwaa.

"Tayari?"

"Tayari."

Akaomba aone. Katika kioo cha kamera alikuwapo bibi mmoja aliyekamatwa, kainua uso kwa mshtuko, mdomo umevutika, macho yanaomba asipigwe. Dada aliitazama.

"Huyu ni nani?" aliuliza. Dada akachukua mkoba wake. "Ndiyo maana nilikuwa nakataa," akasema, na akatoka bila kuaga.

Siku ile Fundi aliwarudisha wateja. Alifunga mlango, akapanga mezani picha zote alizopiga tangu flashi mpya ije, na kando yake za zamani. Wateja walikuwa wamemwambia, naye hakuwasikia: "Fundi, mbona siku hizi unatupiga kama tumeiba?" Sasa aliona. Za zamani watu hawakucheka, kweli, lakini kila mmoja alikuwa mahali fulani, kwenye habari ya mkate wake au ya mke wake anayenuna. Za sasa zilikuwa sura za watu walioshtuliwa mlangoni. Akakumbuka bango. Dakika moja ya Fundi. Akaona joto la aibu limempanda mpaka masikioni, kwa sababu upuuzi wa Meneja, ule uliomvunja mbavu, ulikuwa kweli, na mtu pekee ambaye hakuuandika alikuwa yeye.

Utasema, si angengoja tu hata kwa flashi mpya? Alijaribu. Ijumaa asubuhi alimkalisha muuza mboga, akakaa kimya, akamtazama. Muuza mboga naye akamtazama. "Umekula?" Fundi akauliza. "Mbona hupigi?" muuza mboga akajibu. "Kuna nini usoni kwangu?" Kungoja wakati hakuna cha kungojwa ni kukodoleana macho tu, na mtu analijua hilo upesi sana.

Basi akavuka barabara kwenda kwa Daktari wa Meno. Alimkuta na mgonjwa kitini, mdomo wazi, na juu ya kabati la dawa, pembeni kabisa mwa kiti, lile dude la kijivu likilia nyiiii.

"Daktari, naomba unirudishie."

"Fundi, hiyo haiwezekani," alisema bila kugeuka. "Nikishapiga sindano ya ganzi nalazimika kungoja. Zamani nilikuwa natoka nje nasoma simu. Sasa nawasha hii, nawauliza habari za nyumbani, kama ulivyotufundisha. Watu wameacha kunishika mkono."

"Wanajibuje na ganzi mdomoni?"

"Kwa macho. Si ndiyo falsafa yenyewe?"

Mgonjwa akatikisa kichwa kukubali, mate yakimtiririka.

Fundi akavuta kiti cha wanaosubiri akamweleza yote: dada yake, mashuka, Alhamisi, Jumapili. Hakuficha kitu, hata ule uongo. Daktari alimsikiliza, koleo mkononi. "Nitafikiria," akasema. Fundi akarudi mikono mitupu, na akajua kabisa kwamba hata akiipata mashine, Dada alisema mara moja, na mara moja ilikwisha.

Jumamosi asubuhi Dada alikuja kuaga. "Sikuja kupigwa picha," alisema mlangoni, kabla hata ya salamu. Benchi zote zilikuwa zimejaa mabango mapya ya Meneja, kwa hiyo akakaa kwenye kiti cha wateja, kwa kuwa ndicho kilichobaki. Meneja alikuwa juu ya ngazi akibandika. "Karibu, Mama," akasema, akiliambia dirisha. Wakaongea habari za mizigo, nani atachukua sufuria kubwa, nani atakaa na funguo. Fundi aliitikia ndiyo, ndiyo, na rohoni alikuwa anahesabu saa.

Mlango ukasukumwa kwa goti. Aliingia Daktari wa Meno kakumbatia lile dude kifuani, na karatasi mbili juu yake.

"Fundi, nimefikiria. Lakini ni ya kuazima tu, na tuandikishane. Cheti kinasema ni yangu."

"Cheti gani?" Dada akauliza.

Hapo ndipo Meneja alipoanza kushuka ngazi, taratibu, kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Na Daktari, ambaye hakujua lolote wala hakuwa na baya, akasoma kwa sauti nzuri: "'Kifaa cha urithi, zawadi kwa mshiriki wa kwanza wa Dakika Moja ya Fundi.' Kuna na muhuri, Mama."

Dada akamgeukia mdogo wake. "Si uliniambia iko kwa fundi?"

"Ilikuwa kwa daktari," Fundi alisema.

Kwa kukosa pa kuiweka mikono, akalipokea lile dude, akalikalisha juu ya stuli, akachomeka waya wa kamera. Mikono ilijua njia yenyewe. Akabonyeza, likaanza kulia nyiiii.

"Miezi minane!" Dada akaanza. "Miezi minane nafua mashuka ya watu nisiowajua, vidole vimechubuka, ninunue mashine. Na wewe, umesimama mbele yangu na kaptura yako imetoboka, ukaniambia, Dada, nikipata flashi nitakupiga picha kila mwaka. Kila mwaka! Hebu niambie, miaka arobaini hii umenipiga mara ngapi?"

"Tano," Fundi akasema kwa sauti ndogo.

"Nne! Ya tano nilikuwa nyuma ya mtu! Halafu mnaigawa. Na cheti juu!" Akamgeukia mwanawe. Kidole kikanyooka. "Na wewe. Wewe Meneja. Sura na siri, sura na nini, nimeyasoma mabango yako yote. Unafundisha watu kutazama watu. Sura ya mama yako umeitazama lini? Tangu mdomo huu uende upande, wewe unaongea na bega langu. Leo umeongea na dirisha. Unadhani sioni? Jicho moja halifunguki vizuri, si yote mawili!"

Meneja alifungua mdomo. Yule aliyekuwa na neno la kila kitu, aliyewauzia watu viwanja asivyoviona, alitafuta neno akakosa. Akabaki amemtazama mama yake usoni.

Hakuna aliyekuwa anaangalia mashine. Fundi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kamera, kitufe kidoleni, anasikiliza kama mtoto anayekaripiwa, na anajua kwamba kesho saa kama hii sauti hii haitakuwapo tena katika mtaa huu. Taa nyekundu ilikuwa inamulika mkono wake wala hana habari.

"Na wewe unangoja nini?" Dada akamfokea, kidole bado hewani. "Taa imewaka zamani! Piga!"

Akapiga.

Hata "usicheke" hakusema. Alichelewa kuikumbuka, na alipoikumbuka Dada alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. "Lete."

Akaishika kamera mbali kidogo na uso, vile wazee wanavyosoma barua. Kwenye kioo kile mdomo ulikuwa umekwenda upande wake wa kushoto, jicho la huko limefumba nusu, na lile zima linawaka. Kidole kilikuwa kimemlenga mtazamaji, mshipa wa shingo umesimama. Daktari alikuwa amekunja ile karatasi ya kuandikishana, anaiingiza mfukoni polepole asiipigishe kelele.

"Mdomo umekwenda upande," Dada alisema.

"Ndiyo, Dada."

"Na kidole umekiacha."

"Ndiyo."

Akaitazama tena, muda mrefu. "Huyu namjua," akasema.

Fundi aligeukia pazia, akajifanya analinyoosha. Lilikuwa limenyooka.

"Nitolee mbili," Dada aliendelea, na sauti imerudi kuwa ya kupanga mizigo. "Kubwa. Moja naenda nayo kwa kaka yake huyu, ajue mapema anaishi na mtu gani. Nyingine mpe huyu hapa."

Meneja alijifuta macho kwa ncha ya bango. "Mama," akaanza, "hii tukiiweka dirishani, yaani watu wa—"

"Thubutu!"

Akaliweka bango chini, akaja akachuchumaa mbele ya kile kiti kisicho na mgongo, uso wake ukawa sawa na wa mama yake, akamtazama mdomo ule na jicho lile, wala hakuhama.

"Mama," alisema. "Umekula?"

"Bado," Dada akasema, na akaanza kumweleza, huku nyuma yao lile dude likilia upya juu ya stuli.